Sauti ya Pampu Ndani ya Boti

Nyumbani maji hushuka yenyewe kutoka tangi lililoinuliwa juu ya mnara. Kwenye boti tangi la maji matamu hulazwa chini, karibu na ngama, na maji hupandishwa hadi jikoni na bafuni na pampu ndogo inayotumia umeme wa betri, mara nyingi wa volti 12. Pampu hiyo ina kiwambo cha mpira na swichi ya presha. Koki ikifunguliwa, presha hushuka na pampu huwaka. Ikifungwa, presha hupanda na pampu hujizima. Nyingi huwaka presha inaposhuka hadi pauni 25 hivi kwa inchi ya mraba, na kuzimika karibu na 40. Kwa hiyo anayetafuta hitilafu huanza kwa kusikiliza.

Pampu iliyonyamaza kabisa huangaliwa fyuzi, kisha viungo vya waya. Hewa ya bahari hula shaba mpaka ikawa kijani, na waya wa namna hiyo huweza kuwasha taa ukashindwa kuendesha pampu. Ndiyo maana volti hupimwa kwenye pampu yenyewe, swichi ikiwa imewashwa.

Pampu inayonguruma bila kukoma huku koki ikitema hewa ni kesi ngumu zaidi. Kwanza huangaliwa kama tangi lina maji (wengi wamefungua pampu nzima kabla ya kukumbuka hilo), halafu chujio. Vikiwa sawa, huenda hewa inaingia kwenye mpira unaotoka tangini. Upande huo hauvuji maji kwa sababu pampu inavuta, hivyo kupapasa kutafuta unyevu hakusaidii. Dawa ni kuchomoa mpira huo kwenye pampu, kuweka kipande kingine na kukitumbukiza katika ndoo ya maji. Pampu ikivuta vizuri, yenyewe ni nzima. Kasoro iko kati yake na tangi.

Pampu inayoshtuka usiku sekunde moja au mbili, koki zote zikiwa zimefungwa, inaashiria kwamba presha inapotea mahali fulani. Kama baada ya pampu kuna valvu ya kufungia, hufungwa. Ikiendelea kushtuka, valvu za ndani ya pampu zinarudisha maji. Ikitulia, uvujaji uko mbele, kwenye viungo, koki au tangi la maji moto.

Kuwaka na kuzima haraka haraka maji yanapotoka ni jambo jingine. Kwenye boti yenye tangi dogo la presha, kwa kawaida tangi hilo limepoteza hewa. Lina pua kama ya tairi, na pampu ya baiskeli hutosha kulijaza: koki hufunguliwa kwanza presha ya maji iishe, kisha hewa hujazwa mpaka chini kidogo ya presha inayowasha pampu.

Maji moto hupashwa kwa njia mbili: koili inayopitisha maji ya kupozea injini, na hita ya umeme boti ikiwa gatini. Yakipata moto kwa umeme tu, huenda hewa imekwama kwenye mipira ya koili au maji ya injini yamepungua. Kifuniko cha maji hayo hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Yakipata moto kwa injini tu, hushukiwa thermostati, au hita iliyoungua kwa kuwashwa tangi likiwa tupu. Umeme wa gatini hukatwa kabla ya kugusa chochote hapo.

Valvu ya usalama ikidondosha maji wakati wa kupasha si ubovu. Lita 40 zikitoka nyuzi 20 hadi 70 huongezeka kwa karibu lita 0.8, na maji hayo lazima yapate pa kwenda. Kuziba valvu hiyo ni kuliandaa tangi kupasuka. Ikidondosha hata tangi likiwa la baridi, inahitaji kubadilishwa. Na koki ya maji baridi ikianza kwa kutoa maji ya moto, valvu ya njia moja kwenye mlango wa tangi imekwama wazi, na maji yanayotanuka yanarudi nyuma kwenye bomba la baridi.