Maua ya Nyumbani Katika Jua la Chaka

Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 12 Januari, wananchi hushuhudia jambo moja katika baadhi ya ofisi zetu. Mawe ya ukingoni hupakwa chokaa, majani hufyekwa, na gari huja limesheheni miche ya maua iliyokwisha kuchanua. Miche hiyo hutiwa ardhini siku hiyo hiyo, hunyweshwa maji kwa mpira, na wageni wa sherehe za Mapinduzi huipita ikiwa imependeza. Ikifika tarehe 5 Februari, siku ya kuzaliwa Chama, sehemu kubwa imekwisha kunyauka. Ikifika Machi hubaki mawe meupe yaliyozunguka vumbi.

Sisemi haya kwa nia ya kumkebehi mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kuisimamia kazi kama hiyo, katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa. Tulinunua mawaridi, tukayapanda kwa shangwe, na mvua za masika ziliponyesha tulikuwa na mashina manne tu yenye uhai. Mzee mmoja mfagizi, ambaye hakuna aliyemwuliza kabla, alitueleza baadaye kwamba kaskazi si wakati wa kupanda maua bali ni wakati wa kuyalinda yaliyokwisha kupandwa. Laiti tungalimwuliza mapema, fedha ya umma isingalipotea.

Na kweli chaka ya visiwa vyetu si ya kufanyiwa mzaha. Vuli ikikatika, kuanzia mwishoni mwa Disemba hadi masika yaanze mwezi wa Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, nao upepo wa kaskazi hukausha udongo usiku na mchana. Pemba, ambayo hupata mvua zaidi kuliko Unguja, huhimili kidogo. Lakini hata huko kichanga hakishiki maji. Aliyebahatika kuwa na udongo wa kinongo ana nafuu kubwa kuliko wa Maweni, ambaye bustani yake nzima huwa ndani ya makopo, mapipa na ndoo zilizotoboka, kwa udongo alioubeba kutoka mbali.

Hapa ndipo penye jambo zito zaidi, nalo ni maji. Hatuna mito mikubwa. Maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi, katika visima na chemchemi zinazojazwa na mvua. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mfereji wa kuyaleta maji mjini kutoka chemchemi za kaskazini ya mji, na tangu zama hizo mji umekuwa ukikua na kiu yake ikikua pamoja nao. Katika mitaa mingi wakati wa chaka mfereji hutoa maji kwa zamu. Wako akina mama wanaoamka usiku wa manane kukinga ndoo. Je, ni haki mtu kuufungua mpira juu ya maua yake ilhali jirani yake anasubiri maji ya kupikia? Nasema si haki, na sheha anayemkataza mtu huyo anafanya wajibu wake. Tulifundishwa chuoni, tukiwa watoto, kwamba israfu ya maji haifai hata katika kutia udhu. Sembuse katika kumwagia maua?

Lakini haifuatii kwamba maua yaachwe yafe. Nyumba yenye watu sita humwaga kila siku maji yanayotosha bustani ndogo. Maji ya udhu, yakikingwa kwa beseni, ni maji safi kabisa. Maji yaliyooshewa mchele na mboga ni mazuri zaidi. Maji ya suuzo la mwisho la nguo hufaa, ila yale ya mwanzo, yenye sabuni nyingi ya unga, yana chumvi inayoharibu udongo. Vivyo hivyo maji ya kuoshea samaki kwa chumvi na ndimu yasikaribie shina la ua lolote. Nimeona mrehani uliokufa kwa ukarimu wa namna hiyo.

Wakati wa kumwagia ni alfajiri, baada ya sala, kabla jua halijapanda. Atakayeshindwa na afanye baada ya alasiri jua likilegea. Mchana sehemu kubwa ya maji huishia hewani. Na yamwagwe chini, shinani, polepole, yazame. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku juu ya majani ni kuufundisha mzizi ukae juu, na mzizi wa juu ndio wa kwanza kuungua. Mwasumini mkubwa uliomo ardhini, katika kinongo, hutosheka na ndoo moja mara mbili kwa juma. Katika kichanga maji hayo hayo yagawiwe siku baada ya siku. Kisha shina lifunikwe kwa matandazo: makumbi ya nazi, majani makavu, hata makuti yaliyochakaa. Kila nyumba ina makumbi na wengi huyachoma moto. Yakitandazwa unene wa viganja viwili, bila kugusa shina lenyewe, unyevu hukaa chini kwa siku kadhaa. Samadi mbichi isitiwe wakati huu kwani huunguza. Ingojee mvua, au itiwe iliyokwisha kuoza ikawa kama udongo.

Asumini, ambayo asili yake ni Bara Hindi lakini imekuwa mwenyeji kuliko wengi wetu, hupenda joto. Huu ndio msimu wake, nao vikonyo vyake huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, vipate kufunguka usiku katika kikuba pamoja na rehani na langilangi. Kosa la watu wengi ni kuukata mwasumini sana wakati wa jua kwa kudhani kwamba utachipua. Katika chaka punguza tu vitawi vilivyokwisha kutoa maua. Mrehani nao ukatwe vichwa vya maua kila vinapotokeza, la sivyo hugeuka mbegu na majani huwa machache. Waridi halina uvumilivu wa hawa wawili. Lipewe kivuli kuanzia adhuhuri, kwa ukuta au kwa kipande cha kuti, na maua yaliyonyauka yaondolewe.

Wadudu huzidi katika ukavu. Vile vyeupe kama pamba, yaani vidung'ata, huondoka kwa kitambaa na maji yenye sabuni kidogo ya kipande, yakifuatiwa na maji matupu. Sioni sababu ya kununua sumu kwa ajili ya vyungu vitano vya barazani, mahali wanapocheza watoto.

Wakaazi wa majumba ya ghorofa, kama ya Michenzani, wamefanya mambo ya kusifiwa kwa makopo yao ya maua. Nawaomba jambo moja: kisahani kilicho chini ya kopo kimwagwe kila baada ya siku mbili tatu, na vifuu vitupu visikae vikipata maji. Mbu hahitaji ziwa.

Ndugu zetu wa Paje, Jambiani na Matemwe wana mtihani wao. Kaskazi huwaletea rasharasha za bahari, na visima vilivyo karibu na pwani huingiwa na chumvi jua linapozidi. Ncha za majani zikigeuka rangi ya kahawia, na ukoko mweupe ukionekana juu ya udongo wa kopo, hiyo ndiyo dalili. Ukwanguliwe ukoko, na kopo limiminiwe maji matamu mara moja mpaka yatoke chini. Huko bogenvilia na mkadi huishi bila ya manung'uniko. Anayeshikilia waridi ajue gharama yake.

Narudi kwa watendaji wa Serikali. Fungu la kupendezesha ofisi litumike mwezi wa Aprili, mvua zinaponyesha, si Januari. Mche uliopandwa masika huwa na mizizi ya miezi minane jua la kaskazi linapoufikia, nao hautaki tena ndoo kumi. Fedha inayobaki ilipwe kwa mtu mmoja wa kuushughulikia, na mtu huyo aulizwe maoni yake kabla ya miche kununuliwa. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, haisimami kwa sababu ya siku ile ya ufunguzi. Husimama kwa mikono inayofanya kazi siku ambazo hakuna mgeni.

Majumbani, siku za kukata ni za katikati ya Machi, mawingu ya kwanza yanapojikusanya. Hapo mwasumini na waridi hukatwa kwa ukali, na vile vijiti vilivyokatwa, vyenye urefu wa shubiri moja na unene wa kalamu, huchomekwa kivulini katika mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Katika kila vijiti vitatu tarajia kimoja kishike, na cha ziada mpe jirani.