Obokano Redioni: Namna Rekodi Inavyosikilizwa na Kuhukumiwa

Obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii, watu wa Kisii na Nyamira kusini magharibi mwa Kenya. Kina nyuzi nane, bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na miti miwili inayoshika kijiti cha juu ambako nyuzi hufungwa na kukazwa. Ni miongoni mwa vinubi vikubwa zaidi barani Afrika. Ngurumo yake iko chini kuliko ya nyatiti ya Waluo, ndugu yake wa jirani mwenye nyuzi nane vilevile. Mpigaji huchapa kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba sifa, maombolezo na maonyo.

Kuuita muziki huu wa klasiki ni haki yake. Una kanuni za kukaza nyuzi, una mabingwa na wanagenzi, na haujifunzwi kwa wiki mbili. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa sekondari pale Sironga, Nyamira, ni rahisi zaidi kukutana na neno "klasiki" likiwa limefungamanishwa na Bach na Mozart, au na nyimbo za Kizungu zinazoshindaniwa katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Nyimbo za asili nazo zina vitengo vyao katika tamasha hilo, na majaji wake huzipima kwa makini yaleyale.

Hukumu ya maadili ilimfikia mpiga obokano kabla ya redio. Waadventista Wasabato walifungua misheni Gendia, upande wa Waluo, mwaka 1906, kisha wakaingia Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii. Wakatoliki walikuwa Nyabururu kufikia mwaka 1911. Obokano ilipigwa palipokuwa na watu, na mara nyingi palipokuwa na pombe. Basi aliyebatizwa alitarajiwa kuiacha pamoja na chungu. Sauti yenyewe haikuwa na kosa lolote. Iliadhibiwa kwa sababu ya mahali ilipokaa. Mahali pake palichukuliwa na kwaya. Waadventista wa Gusii wamejenga uimbaji wa sauti nne, soprano, alto, tenor na besi, mara nyingi bila ala yoyote, na wengi wao wameufikisha kwenye ubora unaostahili heshima kamili. Hivyo masikio ya eneo hili yamelelewa na shule mbili, na wanaozijua zote mbili si wengi.

Utangazaji nchini Kenya ulianza mwaka 1928, ukiwalenga hasa walowezi. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudi kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Matangazo ya Ekegusii, lugha ya Abagusii, yalitoka kwenye kituo cha Kisumu. Siku hizi wasikilizaji wa Kisii na Nyamira wana Egesa FM na Minto FM. Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka vipindi vinavyorushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vifae familia nzima, kwa hiyo jambo la kwanza kuangaliwa katika rekodi ni maneno. Tabia ya kuhukumu mwenendo hewani nayo ni kongwe: tangu mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela aliwauliza wasikilizaji wa "Je, Huu ni Ungwana?" kama tendo fulani linafaa mbele ya watu.

Kuhakiki rekodi ni kazi nyingine kabisa. Mfano maarufu ni wa BBC Radio 3, ambako kipindi cha mapitio ya rekodi kina sehemu iitwayo "Building a Library". Mhakiki huchukua utunzi mmoja, tuseme simfoni ya Beethoven, akakusanya rekodi zake nyingi na kuweka vipande vilevile kimoja baada ya kingine. Huyu ameikimbiza sehemu ya pili, yule ameacha filimbi zimezwe na fidla. Mwishoni hupendekeza moja, na msikilizaji amekwisha kusikia sababu kwa masikio yake mwenyewe.

Utaratibu huo unategemea utunzi ulioandikwa. Wimbo wa obokano hauna karatasi. Mpigaji huurefusha akiona waombolezaji wanaitikia, hutia jina la mwenye boma, huacha ubeti usiofaa siku hiyo. Rekodi mbili za wimbo mmoja zikitofautiana, hakuna iliyokosea. Mhakiki atalazimika kuuliza mengine: nyuzi zilikazwa sawasawa? Sauti ya mwimbaji na ngurumo ya nyuzi zinasikilizana, au kipaza sauti kiliwekwa mdomoni na kinubi kikasahauliwa?

Hapo pana tatizo ambalo halijadiliwi vya kutosha. Spika ndogo ya redio ya mkononi haiwezi kutoa sauti za chini kabisa. Obokano ikipita humo hubaki mgongano wa vidole na nyuzi, pamoja na sauti ya mtu. Ule mvumo unaotikisa kifua cha aliyeketi karibu hupotea. Kizazi kilichoijua obokano kwa redio pekee kimeisikia nusu, na wapo walioiona hafifu kwa sababu hiyo.

Kosa jingine la hukumu ni kuchanganya mambo matatu: maneno ya wimbo, maisha ya msanii, na hafla ambako muziki ulipigwa. Mwanamuziki Franco alifungwa Zaire mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoonekana chafu. Hapo shtaka lilikuwa maneno. Orkestra ya Palestina iliacha kupiga muziki wa mtunzi Mjerumani Wagner mwaka 1938, baada ya Wayahudi kushambuliwa Ujerumani. Hapo lilikuwa chuki ya mtunzi mwenyewe kwa Wayahudi na jinsi Wanazi walivyomkumbatia. Shtaka la obokano lilikuwa hafla, ambalo ndilo dhaifu kuliko yote, kwa kuwa hafla hubadilika. Grandmaster Masese, mshairi na mpigaji wa siku hizi, huipandisha obokano jukwaani pamoja na mashairi yake, na pombe haimo.

Jirani tu, Kapkatet kwa Wakipsigis, mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alirekodi nyimbo mwaka 1950. Nakala zake zilihifadhiwa Afrika Kusini, kisha miaka kama 65 baadaye zikarudishwa kijijini. Wasikilizaji wa huko huenda walikuwa na maswali ambayo hakuna mhakiki wa mbali angeyafikiria: nani anaimba, ni wa ukoo gani, yu hai? Kipindi cha Ekegusii kinachohakiki rekodi kingefanya vyema kuanzia hapo, kwa kutaja mpigaji, kijiji, mwaka na hafla kabla ya kutoa alama yoyote. Kingetaja pia urefu. Upande mmoja wa santuri ya zamani ya inchi 10 ulibeba muziki wa dakika kama tatu tu, na mwimbaji wa obokano katika dakika tatu huenda bado anawasalimu wenyeji. Anayesema wimbo kama huo umekatika ghafla anazungumzia santuri, si mwimbaji.