Nusu Saa ya Kila Siku: Kujifunza Kiingereza Nyumbani

Wako ndugu zetu wengi ambao kila unapoingia mwaka hununua daftari na kalamu, wakaazimia kwa moyo thabiti kujifunza Kiingereza nyumbani. Na kabla mwezi wa tatu haujaisha daftari lile limekwisha geuka kuwa daftari la madeni. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Twasema kwa sababu kuanza masomo si jambo gumu. Jambo gumu ni kuyaendeleza siku ambayo mwili umechoka, mgeni amefika, na hakuna mwalimu wa kuuliza kwa nini hukuhudhuria. Kwa hiyo leo hatutazungumza juu ya faida ya elimu, ambayo kila msomaji wetu anaijua, bali juu ya utaratibu wa kuishika elimu isiponyoke.

Twazungumza hasa na wenzetu wa Ndalambo, katika wilaya ya Momba, na wote waishio kando ya njia itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Pengine msomaji wa mbali atauliza, Kiingereza chawahusu nini wakulima wa mahindi na maharage? Na atazame ramani. Kutoka Ndalambo mtu akishuka Tunduma amefika mlango wa nchi. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, katika Zambia, ambako lugha ya serikali ni Kiingereza. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na sokoni watu husikilizana vizuri kwa Kinyamwanga na kwa Kiswahili pia. Lakini karatasi haisemi Kinyamwanga. Hati za mizigo ipitayo katika kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1960 na kitu kingine? La, kituo hicho ni cha juzi tu, mwaka 2019, na karatasi zake nyingi zaja kwa Kiingereza.

Basi mfikirie kijana aliyetoka Ndalambo kwenda kutafuta kazi mpakani. Akiwa utingo wa lori, au mpakiaji wa mizigo, au karani wa wakala wa forodha, atapewa karatasi atie sahihi. Asiyeweza kuisoma hutia sahihi kwa imani, na imani hiyo mara nyingine humgharimu mshahara wa mwezi. Mfikirie tena mkulima aliyenunua dawa ya magugu ng'ambo, na maelezo yake yote yameandikwa kwa Kiingereza. Kipimo kikikosewa, shamba laungua au watoto wanadhurika. Mfikirie hatimaye mtoto wetu aliyesoma miaka yake ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari akakuta hesabu, jiografia na baiolojia zote zafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto huyo si mjinga. Amebadilishiwa chombo katikati ya safari, na nyumbani hana wa kumsaidia isipokuwa mzazi naye awe mwanafunzi.

Hapo hatuna budi kuweka neno moja wazi. Kujifunza Kiingereza si kukidharau Kiswahili. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kilichofanywa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi. Mwaka 2019 kilikubaliwa kuwa lugha rasmi mojawapo ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili kiwe lugha ya mahakama zetu. Lugha yetu haina haja ya kuonewa huruma. Kiingereza na kiwe jembe mkononi mwa mtu huru, wala kisiwe kilemba cha kujivunia mbele ya wenzake. Yule achanganyaye maneno mawili matatu ya kigeni ili aonekane msomi hajajifunza lugha, amejifunza mbwembwe.

Kwa Nini Daftari Hufungwa

Tumetazama sana sababu zinazowafanya watu waache, na twaona si uvivu peke yake. Sababu ya kwanza ni kuanza kwa pupa. Mtu hujipangia saa tatu kila usiku, naye ametoka shambani tangu alfajiri. Siku ya nne usingizi unamshinda, siku ya tano anajiona ameshindwa, siku ya sita anaacha. Sababu ya pili ni msimu. Mvua zinapoanza, yapata mwezi wa Novemba, kila mkono wahitajika shambani, na utaratibu uliopangwa wakati wa kiangazi hauwezi kusimama. Sababu ya tatu ni kujifunza bila kurudia, hata mtu akaona maneno yanaingia sikio hili na kutoka sikio lile, akadhani kichwa chake ni kibovu.

Kichwa chake si kibovu. Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya dakika, saa na siku. Aliona kuwa sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, katika saa za kwanza na siku ya kwanza, kisha mwendo wake hupungua. Na kila anaporudia, kazi ya kujifunza tena huwa nyepesi. Maana yake kwetu ni hii: nusu saa kila siku ina nguvu kuliko saa tatu za Jumapili. Anayesoma Jumapili peke yake hujenga ukuta na kuuacha mvuani siku sita.

Na tupige hesabu. Nusu saa kwa siku, siku sita kwa juma, ni saa 3. Kwa majuma 50 ni saa 150. Mtu akijifunza maneno 5 kila siku ya masomo, kwa juma ni 30, na kwa majuma 50 ni 1,500. Hata nusu yake yakipotea, yanabaki 750, ambayo yatosha kabisa kumwezesha kuanza kusoma barua nyepesi na kuuliza asichokifahamu. Bandu bandu huisha gogo. Reli ya TAZARA ipitayo Tunduma ina kilometa 1,860, nayo ilitandikwa taruma kwa taruma, tangu mwaka 1970 hadi 1975. Hakuna aliyeitandika kwa usiku mmoja wa hamasa.

Utaratibu Ufaao

La kwanza, nusu saa hiyo na ifungwe kwenye jambo ambalo halikosi kutendeka. Usiseme, "Nitasoma nikipata nafasi," kwa maana nafasi haipatikani, hutengwa. Sema, "Nikisha kula chakula cha usiku, kabla sijaondoka mahali nilipoketi," au "Alfajiri, maji ya chai yakiwa motoni." Daftari na likae mahali pamoja, na taa, iwe ya umeme, ya jua au koroboi, iwe imetayarishwa kabla ya giza.

La pili, kuwe na kiasi cha siku njema na kiasi cha siku mbaya. Siku njema ni nusu saa. Siku ya palizi, ya msiba au ya homa ya mtoto, ni dakika 5 za kurudia maneno ya jana, basi. Dakika hizo hazitaongeza elimu nyingi, lakini zitalinda desturi, nayo desturi ikivunjika ni ghali kuijenga upya. Na ikitokea siku imepita kabisa bila kusoma, mtu asijilipize kwa kusoma mara mbili kesho yake. Aanze tu pale alipoachia, na aangalie siku ya pili isipotee vilevile.

La tatu, atengeneze sanduku la maneno. Njia hii ilielezwa na Sebastian Leitner, mwandishi wa lugha ya Kijerumani, mwaka 1972, na haihitaji fedha. Kata karatasi ngumu za boksi ziwe vipande vidogo. Upande mmoja andika neno la Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Gawa sanduku vyumba vitatu. Kila neno jipya hukaa chumba cha kwanza, na hutazamwa kila siku. Ukilijua bila kuchungulia, lahamia chumba cha pili, kinachotazamwa mara mbili kwa juma. Ukilijua tena, lahamia cha tatu, kinachotazamwa mara moja kwa juma. Ukilisahau, lolote lile, larudishwa chumba cha kwanza bila huruma. Hivyo muda wako mwingi unautumia kwa yale yakusumbuayo, si kwa yale ambayo tayari ni yako.

La nne, afanye zoezi la kutafsiri kwenda na kurudi. Roger Ascham, aliyekuwa mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alilieleza kwa ajili ya Kilatini katika kitabu kilichotolewa mwaka 1570. Chukua sentensi tatu au nne za Kiingereza kilicho sahihi. Zitafsiri kwa Kiswahili katika daftari. Siku ya pili funika Kiingereza kile, ukichukue Kiswahili chako na kukirudisha katika Kiingereza. Kisha funua, ulinganishe. Pale ulipokosea ndipo somo lako la siku hiyo lilipo. Kwa njia hii kitabu chenyewe chawa mwalimu wa kusahihisha, na mtu aliye peke yake Ndalambo hana udhuru wa kusema hana wa kumkosoa. Mwalimu Nyerere, aliyetoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, hali amebeba madaraka ya nchi nzima, alituonyesha pia kuwa anayetafsiri hukikuza Kiswahili chake kwa kazi ile ile.

La tano, asome kwa sauti. Kiingereza ni lugha ambayo maandishi yake hayafuati matamshi kama yetu. Neno la kisu huandikwa "knife", na herufi yake ya kwanza haitamkwi kabisa. Anayesoma kimya atalijua kwa macho na kulikosa kwa masikio. Asikilize redio, au simu iwezayo kumtolea matamshi, kisha aige kwa sauti bila haya. Watoto wakicheka, na wacheke. Nao watakuwa wamejifunza.

Tusiogope Mlima Kuliko Ulivyo

Mwanafunzi wetu haanzi na mikono mitupu. Baiskeli, shati, kabati, benki, tiketi, reli, soksi na kalenda: maneno hayo na mengine mengi tuliyachukua kwa Waingereza tukayavisha nguo zetu. Na aandike orodha yake jioni moja, ataona ana mtaji.

Magumu yako, nayo yafaa yajulikane mapema. Kiswahili husema "amekuja" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza chataka uchague kati ya "he" na "she". Kiswahili husema "mtu" na kutosheka. Kiingereza chataka ujue kama ni mtu yeyote au ni yule tuliyekwisha mtaja, kisha uweke kijineno mbele yake. Makosa ya namna hii hayaishi kwa kukariri kanuni. Huisha kwa kusoma sentensi nyingi sahihi. Basi mtu asiache kusema kwa hofu ya makosa hayo.

Wala si jambo geni kwa mfanya kazi kusoma baada ya kazi. Tom Mboya wa Kenya, alipokuwa akifanya kazi Nairobi na kushika shughuli za chama cha wafanya kazi, alijisomea kwa njia ya posta, na mwaka 1955 akaenda Ruskin College, Oxford. Hapa kwetu, mwaka 1967 yapata watu 67 katika kila watu wazima 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ikafuata. Ilipofika 1975 walikuwa wamebaki 39 hivi. Wale mama na baba walioketi chini ya miembe na vibao vyao hawakuwa na nafasi kutushinda. Walikuwa na siku maalumu, saa maalumu, na wenzao wa kuwangojea.

Hapo ndipo twataka kumalizia, kwa neno la wenzao. Anayejifunza peke yake hujidanganya kwa urahisi. Watu wawili au watatu wa kitongoji kimoja wakiahidiana kukutana kila Jumamosi, kila mmoja na vipande vyake kumi vya maneno, hakuna atakayependa kuja mikono mitupu. Na waume wasisahau kuwa mama wa nyumba naye ana kichwa na ana haja. Yeye huteka maji, hupika, hulaza watoto, na usiku unapofika nusu saa yake imekwisha liwa na kazi za watu wengine. Mume anayetaka nyumba yake ijue Kiingereza na aoshe vyombo jioni mbili tatu kwa juma. Hilo ni somo la kwanza, nalo halihitaji kamusi. Mtoto wa sekondari naye na apewe heshima ya kuwafundisha wazazi wake alichojifunza siku hiyo, maana anayefundisha husoma mara mbili.

Ndugu wa Ndalambo, mvua zitakuja na kazi itazidi, kama kila mwaka. Na anayetaka kuanza asingoje mwaka mpya wala daftari jipya. Usiku huu, chakula kikisha, na akate vipande vitano vya boksi, aandike maneno matano ya kazi yake mwenyewe, ayasome kwa sauti, kisha alale. Kesho ayarudie kabla ya kuongeza mengine.