Baada ya nguzo, tuhesabu uniti

Jioni pale Msasani, mchuuzi wa samaki mwenye friza hababaiki jua linapozama. Kibua asiyenunuliwa leo analala kwenye barafu, kesho anapata bei yake. Asiye na friza anauza kwa bei ya kutupa kabla samaki hajalegea. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo faida ya umeme, na mchuuzi anaihesabu kiganjani. Vijijini tumezoea kuipima kwa nguzo na kilomita za nyaya.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi 2007, na leo umeme umefika karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Ni kazi kubwa, asiibeze mtu. Lakini utafiti wa 2020 wa REA na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ulianika pengo: vijijini, karibu asilimia 70 ya watu walikuwa wamefikiwa na umeme, ilhali kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 24.5 tu. Ada ya kuunganishwa, shilingi 27,000, si mlima. Mlima ni wayaringi, na baada ya hapo kifaa cha kuchomeka.

Na hata kuunganishwa pekee hakutoshi. Magharibi mwa Kenya, wachumi Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifuatilia kaya zilizounganishwa bure au kwa punguzo, wakazilinganisha na kaya ambazo hazikupewa nafasi hiyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2020, yalionyesha mabadiliko madogo mno ya maisha. Kaya nyingi ziliishia kwenye taa, simu na televisheni. Lakini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mchumi Taryn Dinkelman alionyesha mwaka 2011 kwamba umeme uliongeza ajira za wanawake. Kule umeme uliingia jikoni, ukawapunguzia safari za kuni.

Kwangu mimi, jibu liko kwenye matumizi, na matumizi tayari yameandikwa: kila ununuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, unabaki kwenye kumbukumbu za shirika la umeme, TANESCO. Ripoti ya kila awamu ya miradi ya REA ibebe safu moja zaidi, ya uniti zilizonunuliwa chini ya kila transfoma, mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano tangu iwashwe, za majumbani mbali, za mashine za kusaga na kuchomelea mbali. Na kwa vijiji vya wavuvi, Kilwa na Mafia, ningetaka kujua pia samaki wangapi wamelala kwenye barafu badala ya kukaangwa harakaharaka usiku uleule.