Maji Yanayovuja Chini ya Nyumba Yako



Kila siku kabla ya kuanza kazi unakumbushwa kofia, viatu na miwani. Leo ukurasa huu unakufuata mpaka nyumbani, chini ya simenti ambayo watoto wako wanaikanyaga bila viatu. Huko chini kunapita tiyo ya maji. Siku ikitoboka, huwezi kuiona.

Wengi wetu kazi yetu iko Kalima, Punia au Kampene, na familia imebaki Kindu: Kasuku, Mikelenge, au ng'ambo ya mto kule Alunguli. Baba anaporudi mwisho wa mwezi, mama anamwonyesha fakture ya maji iliyopanda bila sababu. Baba anasema mita imeharibika. Mama anasema majirani wanachota sana. Wakati huo mtoto mdogo anaharisha kwa mara ya tatu. Hakuna anayefikiri kwamba fakture na ugonjwa huo vinaweza kutoka katika tundu moja.

TUNDU LINAPITISHA PANDE MBILI

Maji yakiwa na msukumo ndani ya tiyo, yanatoka kupitia tundu na kulowesha udongo chini ya nyumba. Hiyo ni hasara ya pesa. Lakini maji yakikatika, tiyo inabaki tupu, na jirani wa chini akifungua robine yake, maji machache yaliyobaki yanashuka na kuvuta nyuma. Hapo tundu linafanya kazi kinyume: linanyonya tope lililoko nje. Kama choo cha shimo kiko karibu, au kama tiyo ya maji machafu nayo imepasuka, unaweza kuelewa ni kitu gani kinaingia. Maji yakirudi, uchafu huo unasukumwa moja kwa moja mpaka kwenye robine ya jikoni.

Kwa njia hiyo maji yaliyotoka masafi kiwandani yanaweza kuleta nyumbani homa ya tumbo, kuhara damu, homa ya manjano ya maini na hata kipindupindu, ambacho kimekuwa kikirudi nchini kwetu tangu miaka ya 1970. Basi usiseme: «Maji ni kidogo, acha yavuje.»

KWA NINI TIYO INATOBOKA?

Katika nyumba nyingi za zamani tiyo za chini ni za chuma kilichopakwa zinki. Chuma hicho kikilala katika udongo wenye maji, kinaliwa na kutu. Baada ya miaka 40 au 50 mara nyingi kimechoka. Penye kiungo cha chuma na shaba nyekundu kutu inakwenda mbio zaidi. Tiyo za plastiki hazina kutu, lakini zinakatwa na jiwe lenye ncha lililoachwa chini yake, au zinaachana mahali zilipogundishwa vibaya.

DALILI

Angalia mambo haya:
– maji ya robine yamepungua nguvu bila sababu;
– sehemu moja ya sakafu haikauki, hata wakati wa kiangazi;
– chumvi nyeupe au ukungu unapanda chini ya ukuta;
– sakafu imepasuka au imeshuka kidogo;
– usiku, nyumba ikinyamaza, unasikia mlio kama wa maji yanayochemka mbali;
– maji ya kwanza baada ya kukatika ni ya tope, lakini ya jirani ni masafi.

Dalili hii ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote.

JARIBIO LA MITA

Jaribio hili halina gharama. Mama wa nyumba au kijana wa shule anaweza kulifanya.

1. Anza na choo cha maji. Tia kahawa kidogo katika tangi lake, ungoje nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikishuka bakulini, ni tangi linalovuja. Lirekebishe kwanza.

2. Funga robine zote, za ndani na za nje. Andika namba zote za mita ya maji, ile tunayoiita kontere, pamoja na zile nyekundu. Ngoja saa moja bila mtu kugusa maji. Soma tena.

3. Namba zikiwa zimesogea, kuna maji yanayopotea. Tuseme zimesogea lita 5 tu. Kwa siku ni lita 120. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 3,600, yaani mapipa 18 ya lita 200. Hayo yote unayalipa, na yote yanaingia chini ya nyumba.

4. Sasa funga vana ya kuingilia nyumbani, uangalie mita tena. Ikisimama, tundu liko upande wa nyumba. Ikiendelea, tundu liko kati ya mita na vana, katika kiwanja. Kama nyumba yako haina vana hiyo, itie kabla ya kazi nyingine yoyote.

Mita isiposogea kabisa, na sakafu bado imelowa, tafuta sababu nyingine: maji ya mvua yanayopanda kutoka ardhini, au tiyo ya maji machafu. Ya mvua hupungua kiangazi. Ya maji machafu huonekana baada ya kuoga au kufua. Ya tiyo ya msukumo hayapumziki.

KUTAFUTA MAHALI PENYEWE

Usivunje sakafu mahali pa kwanza palipolowa. Chini ya simenti maji hufuata mfereji wa tiyo, na yanaweza kutokea mbali na tundu.

Ngoja usiku. Weka ncha ya nondo juu ya sakafu na ncha nyingine karibu na sikio. Sogea hatua kwa hatua ukifuata njia ya tiyo, na utie alama ya chaki pale mlio unapozidi. Kisha gonga sakafu polepole. Wale waliofanya kazi katika mashimo ya chini ya ardhi wanalijua jambo hili: mwamba mzima unalia kwa sauti kavu, na mwamba ulioachana unalia kama ngoma. Simenti ni vilevile. Ikilia kama ngoma, maji yamekwisha kubeba udongo na sakafu iko juu ya hewa. Ondoa vitu vizito hapo, na watoto wasicheze.

Kama sauti haitoshi, mwite fundi mwenye pampu ya mkono na manometa. Atafunga sehemu moja moja ya tiyo, atie msukumo, na kuangalia mshale. Sehemu ambayo mshale unashuka ndiyo yenye tundu.

KUVUNJA SAKAFU BILA KUUMIA

Nyumbani hakuna msimamizi wa usalama. Msimamizi ni wewe.

Zima umeme wa nyumba nzima kwenye kikata umeme kikubwa. Sakafu iliyolowa inapitisha umeme, na chini ya simenti kunaweza kuwa na waya. Funga maji. Vaa miwani, glavu na viatu vigumu. Mwagia simenti maji kidogo kidogo unapovunja: vumbi lake lina silika, ileile inayoharibu mapafu ya wachimbaji. Watoto wakae nje mpaka umalize kusafisha. Usichimbe chini ya msingi wa ukuta. Ukuta ukikosa mahali pa kukaa utapasuka, na unaweza kuanguka.

KUTENGENEZA

Watu wengi wanafunga tundu kwa mpira wa gurudumu la baiskeli na waya, kisha wanafunika. Usifanye hivyo. Mpira huo utazuia maji kwa muda mfupi, baadaye utaanza kupitisha tena, na safari hii umefunikwa na simenti mpya.

Tiyo ikiwa bado nzuri, kata kipande kilichoharibika chote, utie kipya chenye viungo vinavyofaa. Tiyo ikiwa ni ya chuma na imeliwa na kutu, tundu moja linatangaza mengine. Hapo ni afadhali kuiacha ilale chini, kufunga ncha zake zote mbili, na kupitisha tiyo mpya ya plastiki juu ya ukuta. Haitapendeza macho sana, lakini siku ikivuja utaiona asubuhi hiyohiyo. Kama ni lazima ipite chini, iwe kipande kimoja bila kiungo, ndani ya tiyo nyingine kubwa ya kuilinda, juu ya mchanga usio na mawe.

Kabla ya kuunganisha, loweka vipande vipya kwa nusu saa katika ndoo ya lita 20 yenye vijiko vikubwa viwili vya maji ya Javel ya asilimia 5. Usichanganye Javel na dawa nyingine ya kusafishia: hewa yake inaweza kuua.

Kisha fungua maji na urudie jaribio la mita, ukiacha shimo wazi usiku mzima. Asubuhi, kama namba hazikusogea na viungo ni vikavu, ndipo ufunike. Jaza mchanga na changarawe kwa tabaka za sentimeta 15, ukishindilia kila tabaka. Simenti: ndoo 1 ya simenti, 2 za mchanga, 3 za changarawe. Iloweshe kila siku kwa siku 7. Simenti mbichi inachoma ngozi. Usiishike kwa mikono mitupu.

WAKATI UNANGOJA FUNDI

Labda fedha haitoshi mwezi huu. Hata hivyo kuna mambo ambayo unaweza kuyafanya leo. Fungua vana wakati wa kuchota tu, ujaze vyombo vyenye kifuniko, kisha ufunge. Maji yakikatika, funga vana mara moja: hiyo inazuia nguvu ya kuvuta nyuma isifike kwenye tundu lako kama liko ndani ya nyumba. Maji yakirudi, acha ya kwanza yatoke mpaka yawe safi, uyatumie kuosha ua. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote sana dakika moja nzima, na usiache kuchemsha mpaka kazi imalizike na tiyo isafishwe kwa maji mengi.

Mtu wa nyumbani akianza kuhara maji mengi kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Anza kumnywesha dawa ya chumvi na sukari ukiwa njiani kwenda kituo cha afya. Na ukifika, mweleze muuguzi habari za tiyo yako, maana huenda nyumba za jirani nazo zinakunywa maji hayo.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa ukuta tunauona, lakini huu uko chini ya miguu. Basi jioni ya leo, watoto wakilala, funga robine zote, chukua taa, nenda kwenye mita, uandike namba. Baada ya saa moja, rudi ukasome.