Kengele Zetu: Asili Yake, Kuharibika Kwake na Namna ya Kuzikarabati

Mjini Tunduma, ambako malori hupanga foleni ndefu yakisubiri kuvuka mpaka, kengele ya kanisa hushindana na honi tangu alfajiri. Hata hivyo, waamini huitambua. Kengele inapoharibika, pendekezo linalosikika upesi ni kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kufunga spika. Tunaona vema kueleza kwa nini pendekezo hilo lisikubaliwe kabla ya uchunguzi.

Desturi ya kuwaita waamini kwa kengele ilienea Ulaya katika Zama za Kati, hasa kupitia monasteri. Mwaka 1456, mji wa Belgrade ulipozingirwa na jeshi la Waturuki, Papa Kalisti III aliagiza kengele zipigwe adhuhuri ili Wakristo wasali. Nasi leo huitikia mlio wa asubuhi, adhuhuri na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana. Mpakani petu jambo hili lina uzuri wake: saa za Tanzania zimetangulia za Zambia kwa saa moja, hivyo kengele ya saa sita ya Tunduma huwafikia majirani wa Nakonde ikiwa kwao ni saa tano.

Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe, walioinjilisha pande hizi na kufungua misheni kama ya Galula, walitoka katika nchi ambazo kanisa bila mnara wa kengele lilihesabiwa kuwa halijakamilika. Pasipo na kengele, vigango vyetu vimetumia rimu ya lori au kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Hatuidharau rimu, imekusanya watu wengi kwa sala kuliko minara mingi.

Kengele halisi, hata hivyo, ni chombo cha muziki. Kwa kawaida huundwa kwa shaba takriban sehemu nne na bati sehemu moja. Shaba hiyo ndiyo ileile inayopita Tunduma kila siku ikitoka Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Bati nalo huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Mchanganyiko huu hulia vizuri kwa sababu ni mgumu, na kwa sababu ni mgumu hupasuka kwa urahisi. Zipo pia kengele za chuma cha pua ghafi, aina iliyoanza kutengenezwa Bochum, Ujerumani, katikati ya karne ya 19 kwa bei nafuu. Sumaku itawaonyesha tofauti: hunasa kwenye chuma, haiinasi shaba.

Sasa, kengele iliyobadilika sauti si lazima iwe imepasuka. Mara nyingi kilichoharibika ni kinachoishikilia: mbao zimeliwa na mchwa, bolti zimelegea, beringi zimekauka, au ulimi, yaani kile chuma cha ndani kinachogonga, umelika. Hayo yote fundi mzuri wa hapa nchini anayamudu. Pale ulimi ulipogonga kwa miaka mingi hadi kuchimba shimo, mafundi huigeuza kengele robo ya mzunguko ili ulimi uguse sehemu nzima.

Ufa ni jambo jingine. Kengele yenye ufa hutoa mlio mkavu unaokatika upesi, na isipigwe tena hata mara moja, kwa kuwa kila pigo huurefusha ufa. Hapa ndipo tunapowasihi kamati za ujenzi: msimwite mchomeleaji wa mageti. Moto wake hupasha sehemu moja tu, na chuma kinachozunguka hupasuka zaidi. Wataalamu, kama wale wa Nördlingen, Ujerumani, huipasha kengele nzima hadi mamia ya nyuzi joto, huziba ufa kwa mchanganyiko uleule, kisha huipoza polepole sana.

Ufa huu mara nyingi tunauleta wenyewe. Kamba ikifungwa kwenye ulimi na kuvutwa kwa nguvu, ulimi hubaki umebana ukingo wa kengele unaotetemeka. Nyundo na jiwe ni vibaya zaidi. Ulimi uguse na kuachia mara moja.

Kanisa Kuu la Notre-Dame jijini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, kengele zake hazikutupwa. Nane za mnara wa kaskazini zilishushwa mwaka 2023, zikasafishwa na kukarabatiwa, zikarejea mwaka 2024, zikalia tena tarehe 8 Novemba mwaka huohuo.

Kuhusu kuuza, Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni ya 1171 yadai vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada vitendewe kwa heshima, visitumike kwa mambo yasiyofaa. Kengele yenye thamani ya kihistoria iko pia chini ya kanuni ya 1292, inayotaka ruhusa ya Kiti Kitakatifu kabla ya kuuzwa. Paroko na halmashauri yake hawatoshi.

Ipo kazi isiyogharimu fedha. Kengele nyingi za kale zina maandishi ubavuni: mwaka, jina la kiwanda, mtakatifu msimamizi, pengine na mfadhili. Pandeni mnarani kwa uangalifu, futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, pigeni picha, nakilini kila herufi katika kitabu cha kumbukumbu cha parokia, na msipake rangi.