Kilichomo Ndani ya Kuta za Mombasa

Apitaye Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hutazama milango ya nakshi na roshani. Lakini kinachozishikilia nyumba hizo hakionekani. Ukuta wa huko una unene wa karibu nusu mita: mawe ya matumbawe hupangwa pande mbili, na katikati fundi mwashi hutomea vijiwe na chokaa mpaka pande hizo zikamatane, ziweze kubeba boriti za mikoko.

Kisiwa chenyewe cha Mombasa kimeumbika karibu vivyo hivyo. Mwamba wake ni matumbawe yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mianya yake ikajaa mchanga na vipande vya kombe, vikagandishwa na maji yenye chokaa. Handaki la Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, lilichongwa katika mwamba huo. Ni mwamba unaopitisha maji, na kwa sababu hiyo wenyeji waliweza kuchimba visima.

Kwenye kivuko cha Makupa, wajenzi walijaza kwa namna nyingine, ya kuziba. Tuta la kifusi lililounganisha kisiwa na bara lilizuia maji ya hori za Tudor na Port Reitz yasikutane, kwa miongo mingi. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la mita 457 mahali pake, ili kifusi kiondolewe na mkondo urudi. Kosa hilo angalau lilirekebishwa.

Mjini ndiko kosa la kuziba linakoendelea, na linaniuma. Ukuta wa chokaa hufyonza unyevu wa ardhini na wa pepo za bahari, kisha huutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya ndani, jiwe humumunyuka, chokaa ya katikati hugeuka vumbi na ukuta hufura tumbo. Simlaumu mwenye nyumba: saruji iko kila duka na hukauka upesi, ilhali chokaa huchomwa, huzimwa kwa maji na kungojewa.

Hata hivyo ukuta mgonjwa hutibika. Fundi huugonga asikie palipo wazi, hubandua saruji, hufagia vumbi na kulowesha mawe. Kisha hutomea upya kwa vijiwe na chokaa, kidogo kidogo, na haongezi tabaka la pili kabla la kwanza halijashika. Kazi hiyo ndiyo ingefaa kulipiwa kabla ya rangi na nakshi.